Karani na Vitabu Saba vya Ngome

Kikombe cha bati kisicho na chai, kikigongwa kwa kijiko, hutoa mlio mwembamba unaokwenda mbali kuliko mtu anavyodhani. Ng'ing'i, ng'ing'i, ng'ing'i. Hata leo nikisikia mtu anakoroga sukari kwa fujo, mguu wangu huinuka wenyewe. Kule Kaloleni, Nairobi, mlio huo ukitoka barazani kwa Karani saa za jioni, maana yake ilikuwa moja tu: ameshavaa miwani, kitabu kiko magotini, na asiyekuja sasa asije kesho kutuuliza nani amekufa.

Siku moja niliacha ndoo mferejini, ikajaa, ikamwagika, foleni nzima ikaanza kupiga kelele. Mama alikuja mpaka barazani akasimama mbele yangu, leso imefungwa kiunoni.

"Hiyo ngome yenu ina maji?"

"Haina, mama. Mto wao umepotea."

"Basi rudi uchukue yetu kabla hayajapotea nayo."

Watu walicheka mpaka Karani mwenyewe akavua miwani akapangusa macho. Halafu akanisubiri. Hilo ndilo ninalotaka mjue kwanza. Alifunga kitabu, akaweka kidole katikati, akasubiri msichana apeleke maji nyumbani arudi.

Tulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani wa reli, na alipostaafu, jina lilikataa kustaafu naye. Koti lake la kazi alilivaa hata kwenye jua la Februari, vifungo vyote vimefungwa, lakini miguuni alikuwa na akala, viatu vya tairi. Alikula mahindi ya kuchemsha punje moja moja, kama mtu anayehesabu wageni. Sukari alikuwa mchoyo nayo ajabu. Angekukaribisha chai, akutilie kijiko kimoja, na ukiangalia bakuli tena anakuambia, "Utamu mwingine utaupata kwenye sura ya nane."

Kwenye drafti alikuwa mwizi. Sisemi hivyo kwa chuki, kila mtu alijua. Walicheza kwa vifuniko vya soda, yeye na Fundi Otis, yule aliyekuwa akigonga masanduku ya bati ya wanafunzi kule Shauri Moyo. Ukigeuza shingo tu, kifuniko cha Otis kimehama.

"Mzee, hicho kilikuwa hapa."

"Kilikuwa. Dunia inazunguka, Otis."

Lakini mtu huyohuyo, akishika kitabu, hangeruka hata mstari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, yeye akisoma kwa macho Kiingereza na mdomoni kinatoka Kiswahili, bila kukwama. Akifika mahali pa mambo ya faragha, na sisi watoto tumekaa pale, angekohoa na kusema, "Hapa kuna aya mbili za watu wazima. Siwezi kuzisoma, wala siwezi kusema hazipo." Mama Njeri, jirani yake, ambaye alikuja na mteja wake wa kusuka nywele ili asipitwe, alikuwa akilalamika, "Na sisi watu wazima je, Karani?" Naye anajibu, "Mama Njeri, wewe hizo aya ungeziandika mwenyewe."

Vitabu vyenyewe. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, na sisi tuliviita tu Vitabu vya Ngome. Cha kwanza kilisahauliwa na abiria kwenye behewa la daraja la pili, kikakaa ofisini mpaka ikawa wazi hakuna atakayekirudia. Vingine alivitafuta mwenyewe, kimoja kimoja, kwa wauza vitabu wa kando ya barabara na kwenye mitumba ya soko la Gikomba. Vilikuwa sita. Mwisho wa cha sita kulikuwa na maneno kwamba cha saba kitafuata.

Ni hadithi ya nchi ambayo mto wake umetoweka usiku mmoja. Juu ya kilima kuna ngome, ndani kuna kijana aliyenyang'anywa kiti cha baba yake, na mlimani kuna joka asiyekula chochote isipokuwa chumvi. Joka huyo Karani alimwita Bwana Chumvi. Kijana alimwita Kijana. Majina ya Kizungu aliyaona mazito kwa masikio yetu, akayabadilisha. Na langoni mwa ngome kulikuwa na bawabu mzee na binti yake. Binti huyo alimwita Nekesa. Mimi niliamini kwa miaka kwamba hata huko kwa joka kuna akina Nekesa.

Sasa, mambo ya kupanga vitabu kwa uzuri. Hilo lilikuwa jambo la Desemba, kabla watu hawajaenda ushago, vijijini kwao, kwa Krismasi. Karani alitoa vitabu vyote sita nje, akavilaza juu ya benchi, kila kimoja kikafunikwa na sufuria. Sufuria zilitoka kwa majirani, ndiyo maana siku hiyo watu walichelewa kupika. Kila msikilizaji alipewa kifuniko kimoja cha soda, akapita nyuma ya shuka iliyotundikwa, akakisukuma chini ya sufuria anayoitaka. Kifuniko cha mtoto kilikuwa sawa na cha mzee. Otis aliwahi kusema, kwa nini tusisimame tu nyuma ya kitabu tunachokipenda, ijulikane?

"Hapa hatupangi mlolongo," Karani akasema. "Mlolongo tuliuona kwenye uchaguzi. Kura hapa ni siri."

Siri gani! Kila mtu alitangaza kura yake kabla hajapiga. Otis alikuwa mtu wa kitabu cha pili, cha vita vya darajani, na kila mwaka aligawa peremende kwa watoto waziwazi. Mama Njeri alikuwa wa cha nne kwa sababu ya harusi.

"Harusi gani ile, bibi harusi anatoroka?" Otis angemwuliza.

"Si ndiyo maana ni nzuri! Wewe na panga zako. Kila ukurasa ching, ching, ching, kama uko kazini."

"Afadhali ching ching. Cha tano wametembea jangwani kurasa mia, mtu hata hajikwai!"

Mimi nilikuwa wa cha kwanza. Nilikipenda kwa sababu humo kila mtu bado yuko nyumbani. Bawabu anakaanga samaki wa mwisho wa mto, Nekesa anamwibia kichwa cha samaki, Kijana anapita anaomba kuonja. Nilipoisema sababu hiyo, Karani aliweka kikombe chini.

"Mama," akasema, maana sisi wasichana wote alituita mama, "umekipenda. Hiyo si kura mbaya. Lakini usikichanganye kupenda na kupima. Kitabu unaweza kukipenda kama mtoto wako, na bado ukajua kina kigugumizi."

Yeye kura yake ilikuwa cha tatu, mwaka baada ya mwaka. Alisema cha tatu ndicho kizuri kuliko vyote, hakuna neno la kutoa wala la kuongeza. Na hicho ndicho kitabu pekee alichokataa kukisoma mara ya pili. Tukirudia hadithi tangu mwanzo, alifika mwisho wa cha pili, akatusimulia cha tatu kwa maneno machache akiwa amesimama, akaingia ndani kuwasha jiko. Tulivuka hivyo kama watu wanaovuka barabara.

Mwisho wa kitabu cha tatu, Nekesa anatandika nyumbu wa baba yake. Anakwenda kuutafuta mto ulikojificha. Bawabu anamwuliza, utarudi lini? Naye anasema, "Maji yakifika hapa langoni, mimi nitakuwa nyuma yake." Basi. Cha nne hayumo. Cha tano hayumo. Cha sita kuna msafiri mmoja anayesema alimwona mbali sana, nywele amezikata. Nusu ukurasa tu, lakini Karani aliisoma nusu hiyo mara mbili, na yeye hakuwa na tabia ya kurudia.

Nilipokuwa darasa la saba, Mama Njeri alinieleza akinisuka. Karani alikuwa na binti, jina lake Nekesa. Mkewe alifariki mapema, wakabaki wawili katika nyumba ile. Binti alipomaliza shule alivuka mpaka na wenzake kutafuta kazi. Aliandika kidogo, halafu akanyamaza. Hapakuwa na ugomvi. "Hilo ndilo linalommaliza," Mama Njeri alisema, akinivuta nywele kana kwamba mimi ndiye niliyeondoka. "Angekuwa na kosa, angeomba msamaha. Sasa ataomba nini? Yule mzee hangojei kitabu, anangojea mtoto."

Ndugu zake wa magharibi mwa nchi walikuja mara kwa mara kumwambia arudi nyumbani. Ana shamba, ana nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe, anakaa Nairobi kufanya nini? Jibu lake lilikuwa fupi.

"Anaijua nyumba hii. Ile ya kule hajawahi kuiona."

Mimi shule iliniishia kidato cha pili. Karo ilikataa, na mimi nikaingia Gikomba kumsaidia mama kuuza nguo za watoto. Sikulia sana. Nilikuwa mtu wa ndoto, nilijiambia ni likizo ndefu. Aliyeumia ni Karani. Alikuja kwetu na koti lake, akakaa, akakataa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akamwambia mama, "Basi jioni nipe mimi." Tangu hapo alinikalisha upande wake wa kulia, tukashika kitabu pamoja, yeye akisoma, kidole changu kikifuata mstari. Kiingereza changu kilikuwa cha kuazima. Nilisoma maneno kama mtu anayevuka tope kwa kukanyaga mawe, na nilipoteleza hakucheka. "Rudi kwenye jiwe la mwisho," ndivyo alivyosema.

Nadhani alijua. Ugonjwa wa sukari ulikuwa tayari unamla macho. Kwanza alisogeza kitabu karibu na pua, halafu akaanza kusoma mchana tu, halafu siku moja kikombe kililia, tukaja, tukakaa, naye akaniwekea kitabu magotini pangu. Nikasoma. Otis aliyekuwa na mdomo kuliko wote aliinamisha kichwa. Tulipomaliza, Karani akasema, "Amesoma vizuri. Mnaweza kupiga makofi, sijafa."

Kufa alikufa baadaye, kwao, kabla ya Krismasi ya mwaka ule ninaotaka kuueleza. Nalisema mapema ili lisinikwame huko mbele.

Kitabu cha saba nilikipata mimi. Wakati huo wasikilizaji wengi walishatawanyika, wengine walihama, Otis alipata kazi Thika, na Desemba mbili zilipita bila sufuria. Lakini Karani aliendelea kuniuliza kila nikitoka sokoni, "Hakijaja?" kama mtu anayeuliza mvua. Siku hiyo nilikuwa napita kwa muuza vitabu wa Shauri Moyo aliyetandaza gunia karibu na mafundi, nikaiona ile ngome kwenye jalada. Nilipiga ukelele, mtu akadhani nimeibiwa. Nilimpa sweta niliyovaa, na ilikuwa Julai, baridi ya kutafuna mifupa. Nikakimbia mpaka Kaloleni.

"Kimekuja, mzee!"

Alikishika. Akakinusa, akakipima uzito mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kurasa. "Ni kinene," akasema. "Kinene ni vizuri. Ana nafasi ya kufika."

Sikukifungua kabla yake. Ilikuwa sheria yetu, hakuna kusoma mbele. Nilisoma jioni baada ya jioni, sisi wawili, na Mama Njeri akipitapita. Na kila nikianza, Karani alinyoosha mkono akashika kurasa zilizobaki upande wa kulia kwa vidole viwili, kama fundi cherehani anavyoshika kitambaa kujua kama kinatosha. Kadiri siku zilivyokwenda, vidole vile vilikaribiana.

"Bado?"

"Bado, mzee."

"Atakuja. Mwandishi mzuri huleta mtu wake mwishoni."

Humo ndani kulikuwa na vita juu ya vita. Bwana Chumvi alizungumza kama wakili. Kijana alipata kiti chake. Nikafika mahali ambapo mto unarudi. Maji yanashuka mabondeni, watu wanapiga vigelegele, maji yanafika langoni. Nilisoma kwa haraka, wallahi, nilidhani ni sasa. Karani aliketi wima, mikono magotini.

"Nyuma ya maji kuna nani?"

Nilitazama ukurasa. Nikautazama tena.

"Kuna jeshi, mzee. Bawabu amelifungulia lango."

"Na baada ya jeshi?"

"Wameingia kwenye karamu."

Akatikisa kichwa polepole. "Soma karamu."

Nilipotoka, Mama Njeri alinivutia jikoni kwake. Alikuwa amesikia yote kupitia ukutani. Mikono ilikuwa na unga.

"Zimebaki ngapi?"

"Chache sana."

"Basi mrudishe."

"Nani?"

"Wee! Nekesa, nani tena? Si ni wewe unayesoma? Yeye haoni. Mlete binti langoni, amkumbatie baba yake, funga kitabu. Nani atakushtaki, mwandishi?"

"Hajawahi kuturukia hata mstari, Mama Njeri."

"Alikuwa na macho wakati huo," akasema, akageuka akaendelea kukanda, na nikaona mabega yake yanatikisika.

Kesho yake kikombe hakikugongwa. Nilimkuta amekaa tayari, koti limefungwa vifungo. Hakugusa kurasa za kulia. Nikasoma mpaka aya ya mwisho, na aya ya mwisho ilikuwa juu ya nyota na kiti cha enzi. Nikaimaliza kimoyomoyo. Halafu nikaendelea, kwa sauti ileile, "Na usiku huo bawabu akasikia kwato za nyumbu kwenye mawe. Akachukua taa. Akasimama langoni mwanamke mwenye nywele fupi, akasema, baba..."

Karani aliinua mkono.

Tukakaa. Mtoto wa jirani alikuwa akivuta gari la waya kwenye zege, na lilipopita likarudi tena, yeye bado mkono uko juu.

"Mama. Ukisoma, huwa unapumzika kwenye maneno magumu. Hapo hukupumzika hata mara moja."

Nilianza kulia. Akatafuta kichwa changu, akaweka kiganja juu yake. "Ni pazuri," akasema. "Umepaandika vizuri kuliko yeye. Ahsante. Sasa nisomee kilichoandikwa."

Nikamsomea nyota na kiti cha enzi.

Nilidhani atanyamaza tu, lakini yeye alikuwa Karani, na kitabu kikimalizika hupimwa.

"Namba saba," akasema. "Cha mwisho kabisa. Hata chini ya cha jangwani."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini usimchukie mwandishi. Hakumwua. Kama angemwua, angesema. Amemsahau tu. Mtu anakuwa na mambo mengi, vita, wafalme, kazi, anasahau kwamba kuna mzee alimwacha langoni." Akapangusa miwani ambayo haikuwa na kazi tena. "Si ubaya. Ni kusahau."

Wiki iliyofuata mtoto wa kaka yake alikuja na pikapu. Safari hii Karani hakubishana. Hakusema lile jibu lake fupi. Alipanda mbele, magodoro na benchi vikapakiwa nyuma, vitabu vyote saba akaagiza niachiwe mimi. Nilimshika mkono dirishani. Nilitaka kumwambia asiende, kwamba kitabu ni kitabu tu, na mwandishi mmoja mzembe hawezi kumwamulia mtu. Nikashindwa. Nikasema, "Ushago kuna maziwa, mzee, na sukari hutaificha tena." Akacheka. Pikapu ikaondoka.

Mama Njeri aliingia ndani kwake akafunga mlango. Mimi nilibaki barazani. Wapangaji wapya walikuwa waje Jumatatu, na tulisikia watapaka rangi. Niliokota msumari uliodondoka walipobomoa rafu. Kwenye fremu ya mlango, upande wa nje, pale macho yanapoangukia mtu akisimama kubisha, nikakwaruza: NEKESA, BABA YUKO NYUMBANI. ULIZA NYUMBA YA PILI KWA MAMA NJERI. Halafu nikarudi herufi ya kwanza, nikazipitia zote upya, nikikandamiza, ziingie ndani ya mbao mahali ambapo rangi haifiki.